Siku Nilipokamata Sanduku la Filomena

Ukizaliwa mchekeshaji, hasira zako hazina soko. Mie nikinuna, watu wanadhani nimeanza mzaha mpya, wanasogea karibu wasiukose. Nikigombana na mtu, yupo mwingine pembeni ameshashika mbavu. Ndiyo maana haya nayaandika badala ya kuyasema. Kwenye karatasi angalau siioni midomo yenu.

Naitwa Sadallah, Mngindo, mkazi wa Temeke. Nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza ninacho, kazi sina. Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni Mzee Anselmo Haule, Mngoni wa Songea, katekista wa kigango cha Wakatoliki. Wangindo na Wangoni ni watani tangu enzi za vita vya mababu. Wao wanasema walituteka. Sie tunasema tuliwachosha kwa kutukimbiza. Inategemea nani ameshika kikombe cha kahawa. Kila asubuhi nilikuwaga napita dirishani kwake.

"Shikamoo mzee mwizi wa ng'ombe."

"Marahaba, mateka wa babu yangu. Umekuja kufagia uwanja?"

"Nimekuja kumtazama mke wangu."

Mke wangu ndiye Filomena, binti yake mdogo, muuguzi msaidizi katika zahanati ya misheni. Mke wa utani, msinielewe vibaya. Naye hujibu kutoka ndani kwamba ng'ombe wa mahari yangu bado hawajazaliwa, kisha ananipitishia kitumbua dirishani ili niondoke.

Utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kula chakula chako mbele yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye ameshindwa. Kwenye msiba ndiyo kabisa. Mwanzoni mwa mwaka jana dada yake Filomena, Yustina, alipofariki baada ya kujifungua, mama yangu, Bi Somoe, ndiye aliyemwosha maiti, na mie ndiye niliyelala ndani ya kaburi nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Watu walicheka huku kamasi zinawatoka. Ndiyo kazi ya mtani, mtu asife kwa huzuni. Yule jogoo sikumla.

Mume wa Yustina alikuwa kuli bandarini, na mzigo ulikuwa umeshamwangukia kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo wakabaki watoto wawili wasio na baba wala mama: Jovina, wa darasa la pili, na Romani, ambaye ndiyo kwanza sasa anatembea kwa kushika kuta. Filomena akawachukua. Jovina, kwa vile mama yake mdogo ni mke wangu, akaanza kuniita baba mdogo. Mtaa mzima ukacheka. Mie nikaitika.

Sasa, mwishoni mwa mwaka jana, wakati sie tunacheza ngoma za miaka kumi ya Uhuru, kule Bengali walikuwa wanapigana vita. Vita ikaacha yatima wengi kuliko wa kuwashika. Misheni ikatafuta wauguzi wa kwenda Kalkuta kuwahudumia, na Padre Nikodemu akasimama altareni akasema umefika wakati na sie Waafrika tutume wamisionari wetu ng'ambo, tusiwe watu wa kupokea tu. Filomena akanyoosha mkono.

Kuanzia hapo watu wakarukwa na akili. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Jabiri, Muislamu mwenzangu, alitangaza kwamba huko ndiko kujitegemea kwenyewe. Hatim, Mhindi wa Kibohora muuza mbao, akatoa lori lake limpeleke bandarini. Mkewe, Rubabbai, akamfundisha Filomena kusema maji, chakula, kaa chini, nyamaza. Kwa Kigujarati. Watoto wa kule wanasema Kibengali. Nilimwambia Filomena hiyo ni sawa na kumfundisha Mhaya Kimakonde halafu umpeleke kwa Wamasai. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyamaza," akasema, "watoto wote wanaielewa."

Wakatoliki wakaanza kukusanya nguo za watoto. Kila nyumba. Hata sie tusio wa kanisa hilo tulitoa. Na katika nguo zote zile, na nyimbo, na hotuba, hapakuwa na mtu aliyewataja Jovina na Romani. Niliuliza mara moja tu, dirishani. "Mzee, na yatima wa nyumba hii mnawapeleka ng'ambo gani?" Mzee Anselmo alicheka hadi chai ikamwagikia kanzu. "Mateka huyu," akasema, "ana mdomo." Nami, mjinga, nikacheka naye.

Ikafika Jumapili ya safari. Meli ya Bombay ilikuwa iondoke jioni. Asubuhi Jovina alikuja uani kwetu na kikapu cha ukindu kilichojaa hadi kinapasuka.

"Baba mdogo, nisaidie kufunga."

"Unahama?"

"Tunasafiri na mama mdogo. Nimeweka kijiko cha Romani, maana ukimpa kingine hali."

"Nani kakwambia unasafiri?"

"Babu. Kasema wiki hii kila mtu ana safari yake."

Nikafunga kikapu kwa kamba ya mnazi, nikakaza vizuri. Mama alikuwa pale anakuna nazi, na aliendelea kuikuna hadi nikasikia mbuzi inagonga kifuu. Jovina alipoondoka nikamuuliza mama kuna nini.

"Wewe hujui?" akasema. "Keshokutwa wanapandishwa basi la Songea. Msichana anawekwa bwenini kwa masista. Mdogo anachukuliwa na mjomba wake Benedikto, amehamia kijiji cha ujamaa huko ndani kabisa."

"Mbalimbali?"

"Mbalimbali."

"Na Jovina hajaambiwa."

"Nani amwambie? Wanaogopa atalia mbele ya padre."

Nimewahi kukasirika maishani. Nimewahi kunyimwa kazi na mtu asiyejua kuandika jina langu. Lakini ile ilikuwa ya namna nyingine, ilinipanda kutoka miguuni. Mtoto amefunga kijiko.

Nilipofika kwa Mzee Anselmo uwanja ulikuwa umejaa. Turubai limefungwa, kwaya imevaa sare, lori la Hatim linasubiri nje na maua kwenye taa. Katikati, juu ya mkeka, lilikuwa sanduku la bati la bluu, wazi, na akina mama wanapanga nguo za yatima. Juu kabisa ya rundo niliona sweta jekundu lenye kola ya njano.

Lile sweta nalijua. Yustina alilifuma akiwa na mimba ya Romani. Mtu wa Songea hata akae Dar hadi meno yamtoke, haamini kwamba mtoto anaweza kuishi bila sweta. Alikuwa analifumia barazani, jasho linamtiririka, na mie nikimwambia shemeji unamwandalia mtoto tanuri. Hakumaliza mkono wa pili. Filomena ndiye aliyeumalizia, ndiyo maana mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Nani kaliweka hili?"

"Babu yake," akajibu mama mmoja wa kwaya kwa ile sauti ya kanisani. "Katekista lazima aonyeshe mfano."

Padre Nikodemu akasimama kuhutubia. Ni mtu mwema, sina ugomvi na wema wake, ugomvi wangu ni kwamba unaona mbali tu. Akasema yatima hana taifa. Akasema mtoto anayelia Kalkuta analia nyumbani kwetu. Wakati huo Romani alikuwa ameshika joho la padre ili asianguke, analitafuna. Padre, bila kukatisha hotuba, akalichomoa taratibu mkononi mwake. Romani akakaa chini kwa kishindo. Watu wakapiga makofi, sijui walikuwa wanampigia nani.

Sanduku likafungwa. Vijana wawili wakainama kulibeba. Mie nikalikalia.

Uwanja ukalipuka kwa furaha. "Mtani kakamata." "Nilijua tu, nilijua huyu hatakosa." Maana ni desturi, msafiri mzigo wake ukikamatwa na mtani, hauendi popote mpaka ukombolewe. Bila hiyo hata safari hainogi. Akaletwa kuku, nikatikisa kichwa. Ukaletwa mkungu wa ndizi, nikaupa kisogo. Padre mwenyewe akavua kofia yake akanivisha, watu hoi.

"Sitaki kuku," nikasema. "Nataka Jovina aambiwe. Yule pale mwenye kikapu. Aambiwe keshokutwa anapelekwa wapi, na mdogo wake anapelekwa wapi. Wakishamwambia nashuka."

Kicheko kikaendelea kidogo kwa mazoea, halafu kikaanza kuzimika huku na huku.

"Mateka, shuka," akasema Mzee Anselmo.

"Sishuki, mzee."

"Meli haimsubiri mtu."

"Basi semeni upesi."

"Nimesema shuka, mwanaharamu wee."

Mzee alikuwa amekasirika, amekasirika mbele ya mtani, mbele ya padre. Lakini na mie nilikuwa nimekasirika. Kwa hiyo hapakuwa na watani tena uwanjani pale. Walikuwa majirani wawili wanaochukiana.

"Haya nitukane," nikasema. "Lakini hili sweta kalifuma nani? Mnamvua huyu, mnavuka bahari, mnamvika nani? Kalkuta kuna baridi? Mtoto wa marehemu mnamgawa kama sadaka, huyu huku, yule kule, halafu tunaimba. Nyie mnawapenda yatima wakiwa mbali, wakiwa hawawatafuni majoho."

Kule nyuma mtu mmoja akacheka. Nilimsikia waziwazi. "Huyu Sadallah atatuua," akasema.

Kama ningekuwa na jiwe ningelirusha.

Filomena akatoka ndani. Amevaa gauni jeupe la kazi, nywele zimesukwa upya, na uso wake haukuwa wa mtu anayesindikizwa. Akasimama mbele yangu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi pumzika, nami nina yangu. Romani alipougua degedege, nani alimbeba usiku ule? Wewe? Natoka zamu, nafua. Namaliza kufua, naingia zamu. Wewe unapita hapo dirishani, mke wangu, mke wangu, unapewa kitumbua unakwenda zako. Baba ana vigango vyake. Majirani wanasema watoto wana bahati, Filomena yupo. Kuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka? Padre alipouliza nani yuko tayari kwenda, ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu tangu dada afe. Wewe una hasira leo, Sadallah. Mie ninazo tangu mwaka jana."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Sawa," nikasema. "Lakini kuwatenganisha?"

"Nani anawatenganisha? Wanakwenda kwa masista, wote wawili."

Nikamtazama Mzee Anselmo. Filomena naye akageuka akamtazama.

"Baba?"

Mzee aliangalia viatu vyake. "Masista hawapokei wavulana," akasema. "Benedikto atamchukua mdogo. Nilitaka usafiri na moyo mweupe."

Filomena alimkazia macho baba yake, na nikaona anachukia, kabisa, kama nilivyochukia mie asubuhi uani. Halafu akaenda alipokuwa Jovina, akachuchumaa.

"Jovina, mie nakwenda mbali kwa meli. Nyie hamji. Walitaka kukupeleka Songea peke yako, na Romani kwa mjomba. Hukuambiwa. Ni vibaya kutokuambiwa."

Jovina akalikumbatia kapu lake. "Na kijiko?" akauliza.

Filomena akainuka. Akambeba Romani, akamshika Jovina mkono, akarudi nao hadi kwenye sanduku.

"Mtani," akasema, na sasa alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "umekalia mzigo wangu."

"Nimeukalia."

"Kuku umemkataa, ndizi umezikataa, kofia ya padre umeivaa na bado umekaa. Basi naulipia kwa nilicho nacho." Akamkalisha Romani magotini kwangu. Akauchukua mkono wa Jovina akauweka juu ya bega langu. "Siku zote unadai mke. Familia hii hapa. Nalikomboa sanduku langu mbele ya watu."

Msiokuwa na watani hamtaelewa uzito wa jambo lile. Alicholipwa mtani hadharani hakirudishwi. Hata iwe ng'ombe, hata iwe kanzu aliyoivaa mtu. Anayekirudisha anajitafutia balaa, na hakuna Mngoni wala Mngindo aliyewahi kutaka kujaribu. Mie, kwa kweli, nililikalia sanduku ili abaki. Yeye aliutumia utani uleule kuwafunga watoto kwenye ukuta wetu, basi la Songea lisiwaguse, halafu aende.

Mzee Anselmo ndiye wa kwanza kuzinduka. "Haiwezekani. Watoto hawa wamebatizwa. Hawawezi kulelewa kwenye nyumba ya..."

"Malizia, Mzee Anselmo," alisema mama yangu. Sikujua hata kama alikuwa amefika. Bado ana machicha ya nazi mikononi. "Nyumba ya nani? Ya aliyemwosha mwanao?"

Mzee akarudia kuangalia viatu vyake.

"Jumapili watakuja kanisani kwako, wameoga, wamepakwa mafuta," mama akaendelea. "Siku nyingine watakula kwangu. Babu yao yuko nyuma ya ukuta, akitaka kuwaona atakohoa tu. Hakuna anayepanda basi."

"Mie shahidi," akasema Balozi Jabiri, ambaye kazi yake kubwa ni kuwa shahidi.

Watu wakamtazama padre. Padre Nikodemu aliwatazama watoto, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile, akainama akamfuta Romani utelezi wa ndizi mdomoni. "Kanisa halipingi mila njema," akasema. Kisha akaomba kofia yake.

Filomena akaniambia nisogee. Akafungua sanduku, akalitoa sweta, akamvalisha Romani palepale, jua la mchana linachoma mabati. Akamfunga kifungo cha juu kama mtu anayekwenda naye safari. Akafunga sanduku kwa kufuli.

"Sasa shuka, mtani."

Nikashuka. Vijana wakabeba, kwaya ikaanza wimbo, akapanda mbele kwa dereva. Nilisimama chini ya dirisha la lori na mtoto mkononi kama mwuza ndizi. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumwambia kwamba ule mchezo wa mke kwa upande wangu haukuwa mchezo, si wote, si kila siku. Lakini mie nikisema hivyo watu wangecheka, na pengine naye.

"Kijiko," akasema, "usikisahau." Lori likaondoka.

Jovina hakulia mpaka lori lilipokata kona. Kisha akakaa chini mchangani na kikapu chake, nikamwinamia, akanisukuma. "Usinishike," akasema. "Wewe ulijua asubuhi, ukanifungia kikapu." Nikamwacha akae. Romani alikuwa analowa jasho ndani ya sweta, na nilipotaka kumvua akapiga kelele hadi mbwa wa Balozi wakajibu.

Asubuhi ya pili nilipita dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Basi. Hakuniita mateka, sikumwita mwizi wa ng'ombe. Mpaka leo ndivyo tunavyosalimiana, kama watu wa ofisini. Jioni anakohoa nyuma ya ukuta, Jovina anampeleka Romani, wanakaa kidogo, wanarudi. Lile basi liliondoka bila wao, na Benedikto ameandika kwamba hana kinyongo, ana watoto wa kutosha.

Mtaani kisa hiki kimekuwa burudani. Wanakisimulia kahawani: Mngindo alidai mke akalipwa watoto. Wananiigiza nilivyokaa na kofia ya padre kichwani. Wanaongeza maneno ambayo sikuyasema, na mengine yanachekesha kuliko yangu. Wananiona napita na nepi begani wananiita Mama Sada, na wanasubiri nijibu, maana wamezoea nijibu. Sijibu. Wanasema siku hizi Sadallah ana utani mzito, wa kutofungua mdomo.

Filomena ameleta salamu kupitia misheni. Amefika. Watoto ni wengi, joto ni kali, na neno la nyamaza halikumsaidia kitu. Hapa mtaani hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Uji unaungua. Jovina ananitazama kutoka mlangoni kama mkaguzi wa shule, na Romani anagonga bakuli kwa kijiko chake, hicho kimoja tu anachokikubali. Naacha hapa. Si kwamba hasira zimekwisha.